Barakoa ya Sheshe

Ifakara
Jumatatu, 27 Januari 2025

Justa,

Nusu za chini za barakoa kumi na mbili nilizoshona kwa mkono wangu zilipotea juzi Jumamosi, tarehe 25 Januari, hapo kwenu Sanje, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Saa nne zilikuwa nzima, maana Agnella muuza ndizi alikukabidhi mfuko mkononi akanipigia papo hapo. Saa nane mlikuwa uwanjani. Picha niliyoonyeshwa na mteja wangu ina wanawake waliofunikwa macho, midomo nje, na pindo limekatwakatwa kama limetafunwa na panya.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu umenifungia. Karatasi haina pa kubonyeza.

Novemba ulikuja dukani kwangu ukakaa kwenye kile kiti cha wateja, ukasema kikundi chenu kinaandaa igizo la wanawake mashujaa wa bonde, sita, wanaotokea ghafla mtoto wa kike anapotolewa shule kwenda kuamia ndege shambani wasile mpunga. Kitoga mwenye jina la samaki anatoka mtoni, Radi anatoka milimani, Sheshe mwenye jina la swala wa kwetu anatoka kwenye majani ya bondeni, na wenzao watatu. Kila mmoja barakoa mbili, ya kuvaa na ya kubadilisha ikilowa jasho. Nikakuuliza, za namna gani? Ukanijibu, "Dada, fundi ni wewe."

Basi fundi akafanya kazi. Kwa siku kumi kila mteja aliyeingia nilimuuliza: shujaa mwanamke umfunike macho tu, au hadi mashavuni, au uso wote? Niliwauliza watu arobaini. Kumi na mmoja walisema macho tu. Kumi na wawili walisema hadi mashavuni. Kumi na saba walisema uso wote, na sababu waliyotoa ni moja: hapa kwetu mtu humjui kwa macho, unamjua kwa mdomo. Mwenye pengo, mwenye mwanya, anayecheka upande mmoja. Ukiacha mdomo nje umeacha jina nje.

Nikashona uso wote. Nikaweka kijiti cha mwanzi katikati, kutoka kwenye paji hadi chini ya pua, ili kitambaa kisiguse pua na mvaaji apumue. Hilo nililijua kwa bibi yangu mzaa baba, aliyekuja na barakoa yake ya zamani kutoka Kilwa; sikulisoma popote. Kila kijiti nilikikwangua kwa wembe hadi kikawa na unene wa kijiti cha kiberiti. Mkasi wako umevivunja.

Mimi nilianza na sindano moja, nikishona vifungo kwenye baraza la duka la watu, mwaka 2003. Leo nina vyerehani vinne na nimefundisha wasichana tisa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutia mkasi kwenye kazi ya mwenzake bila kuuliza. Wewe umewezaje?

Zena Nassib
Fundi

*

Sanje
Alhamisi, 30 Januari

Dada Zena,

Shikamoo. Naanza na hiyo ili ujue bado nina adabu, hata kama mkasi wangu hauna.

Simu nilikufungia kwa sababu Jumapili ulinipigia mara kumi na nne na mimi nilikuwa kanisani. Nitakufungulia ukipoa.

Sasa nisikilize. Tulizivaa saa tano kwa mazoezi. Radi akapuliza filimbi yake, ile bitana, kitambaa cha ndani, ikavutwa ikaingia mdomoni, akakohoa mpaka tukampiga mgongo. Kitoga akaingia kwa kigelegele, kikatoka kama mtu anaita kutoka ndani ya pipa. Dada, mwanamke wa bonde hili akifika mahali bila kigelegele nani atajua kwamba amefika? Watoto waliokuwa wanachungulia walikimbia. Mzee mmoja akasimama, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kama tumekuja kupulizia dawa ya mbu, kwa sababu nyumba yake bado.

Ilikuwa saa saba. Jua la Sanje unalijua, milima inalizuia asubuhi halafu linakuja lote mchana. Nikachukua mkasi. Ningekupigia ungesema nini? Ungesema nisubiri Jumanne. Watu mia tatu walikuwa wanakuja saa nane ileile.

Na walikuja. Walicheka, walilia, na baba mmoja alisimama mwenyewe akasema binti yake atarudi darasani Jumatatu. Barakoa kumi na moja nilizokata ndizo zilizofanya kazi hiyo, pamoja na pindo la panya.

Halafu zile pembe. Nilikuomba Sheshe awe na pembe, ukakataa, ukaweka masikio tu. Watu waliuliza kama ni mbuzi.

Nisamehe kwa vijiti. Sikujua vina kazi.

Mdogo wako,
Justa

*

Ifakara
Ijumaa, 31 Januari

Justa,

Pembe anazo dume. Jike la sheshe halina pembe, na wewe uliniambia shujaa ni mwanamke. Hayo tumeyamaliza.

Habari ya filimbi na kigelegele nimeisikia, na sitasema haina maana. Lakini umeandika kumi na moja. Nilileta kumi na mbili. Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara ni kumi na moja. Kwenye picha wanaonekana watano, na wa sita amegeuza mgongo. Kwa hiyo iko moja ambayo haikukatwa, na hukutaka nijue.

Zimeandikwa namba ndani, kwa uzi mweupe. Nadhani hiyo ni namba saba, ya Sheshe, kwa sababu wa Sheshe ndiye peke yake ambaye hakuja kupimwa. Watano wote walikaa kwenye kiti changu nikawazungushia futi. Huyo uliniletea vipimo kwenye kikaratasi: sikio hadi sikio kwa juu ya pua, sentimita ishirini na tisa, macho kwa macho, sita na nusu. Nikauliza ni nani, ukasema, "Mtu tu."

Sasa mimi najiambia hivi. Mtu akikata kumi na moja akaacha moja nzima, hiyo moja ni kiolezo. Kuna fundi mwingine, labda hapo Mang'ula, labda mbali zaidi, atakayeifumua aone kijiti kinakaaje, halafu mashujaa wa mwaka kesho watashonwa kwake. Kama ni hivyo niambie. Nimeshafanyiwa hivyo mara mbili kwa sare za shule, na mara zote mbili aliyefanya alikuwa ananiita dada.

Naitaka namba saba irudi na Agnella Jumanne.

Zena

*

Sanje
Jumatatu, 3 Februari

Mama Zena,

Shikamoo. Hunijui. Jina langu ni Jenifer, mke wa Evod Melkiori. Namba saba ninayo mimi.

Dada Justa amenionyesha barua yako na amekasirika sana, alitaka kukujibu maneno mazito, nikamwomba nikuandikie mimi kwanza. Hakuna fundi mwingine. Dada Justa aliiacha nzima kwa sababu nilimshika mkono wenye mkasi nikamwambia hiyo usiiguse, ukiigusa mimi siingii uwanjani.

Mume wangu anaendesha mashine ya kuvunia, yuko Mlimba na huko mbele, anarudi mara moja kwa miezi miwili. Mimi nakaa kwa wakwe. Baba mkwe ni mzee Melkiori, alikuwa mvuvi zamani, sasa ni katekista wa kigango chetu. Mwezi wa kumi na mbili, baada ya misa, wakati wa matangazo, alisimama akasema amesikia kuna wanawake wanaojifunza kuruka uwanjani na suruali za kubana, na kwamba wa nyumbani kwake asionekane huko. Alisema mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimeshaanza mazoezi wiki ya tatu.

Evod anajua. Aliniambia kwenye simu, fanya, ila mzee asijue, maana akishasema kitu mbele ya watu harudi nyuma.

Mama, mimi niliacha shule darasa la sita. Nilipelekwa kuamia ndege msimu mmoja, msimu ukawa miwili, na mlango ukafungwa hivyohivyo bila mtu kuufunga. Nikivaa Sheshe najua namsemea nani. Nyumbani nazungumza labda maneno hamsini kwa siku. Pale uwanjani sauti inatoka sijui wapi.

Jumamosi ile barakoa yako ilinificha kabisa. Jirani yangu wa ukuta mmoja alinishika mkono asinijue. Igizo likaisha, tukawa tunatoka kupitia njia ya golini, na baba mkwe alikuwa amesimama palepale, sijui alifika saa ngapi. Sikupanga. Magoti yalijikunja yenyewe kama kila asubuhi nikimpelekea maji ya kunawa. Nikapiga goti nikasema, "Shikamoo baba."

Akasema, "Marahaba." Akanitazama kama mtu anayesoma. Halafu akaondoka.

Leo ni siku ya tisa. Hajasema kitu. Anakula, anasali, ananiuliza kama kuku wameingia. Sijui kama anajua. Na namba nane, ile ya kubadilisha, nilikuwa nimeificha kwenye debe la mbegu za mpunga. Jana niliangalia, haipo.

Nataka kuacha kabla hajasema. Nitakurudishia namba saba ikiwa safi, nimeshaifua kwa mkono, kijiti sijakivunja.

Wako,
Jenifer

*

Ifakara
Jumanne, 4 Februari

Jenifer mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na Agnella ananisubiri na ndizi zake, kwa hiyo nitasema mambo machache na yote yafuate.

La kwanza, mwambie Justa kwamba kwenye barua zangu mbili kulikuwa na maneno makali tisa. Saba nayafuta. Mawili yanabaki, yale ya mkasi.

La pili, namba saba usiirudishe. Mtu anayerudisha kazi yangu awe ameona kasoro. Wewe hukuona.

La tatu ni hili la goti. Nimelifikiria tangu nilipofika kwenye mstari huo, na nakwambia kosa si lako, ni letu sisi tulioshona na tulioandika igizo. Tulificha uso, tukaficha mdomo, tukasahau salamu. Huko kwingine shujaa anafika anapiga adui anaondoka. Hapa kwetu mtu akifika lazima asalimie, na salamu yetu inataja umri. Ukisema shikamoo wamejua wewe ni mdogo kwao. Usiposema, wanasema huyu ni jambazi. Na ukimpa huyu ukamnyima yule, wameshakuhesabu: binti wa fulani, mke wa fulani, rika la fulani. Hata ningeshona barakoa ya bati isingesaidia.

Sasa fanya hivi. Sheshe ampe shikamoo kila mtu. Mwenyekiti, muuza karanga, mtoto wa darasa la kwanza, mtoto aliyeko mgongoni. Wote, na goti kwa wote. Akimpa kila mtu, hakuna atakayejua ana miaka kumi na sita au sitini. Na wenzako watano nao wafanye hivyohivyo, ili goti lisiwe lako peke yako. Goti la watu sita halina mwenyewe.

Tena nadhani watacheka. Mtoto wa miaka minne akiambiwa shikamoo na shujaa wa bondeni atajibu nini?

Namna hii nimeijaribu sasa hivi. Nimewapa shikamoo wanafunzi wangu wote watatu. Mmoja alikimbia nje akidhani nimeugua.

Kuhusu mzee: siku tisa za kimya ni nyingi kwa mtu mwenye hasira. Mimi nimeolewa mara mbili na nimekaa na wakwe wawili. Mkwe mwenye hasira hamalizi siku mbili. Usiache. Ngoja.

Mama Zena

*

Sanje
Alhamisi, 13 Februari

Kwa Fundi Zena Nassib, Ifakara.

Salamu. Mimi ni Melkiori, mkazi wa Sanje. Nimepata jina lako kwa Agnella muuza ndizi, ambaye nimemwomba akufikishie barua hii pamoja na kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

Kitu hicho ni barakoa. Ndani ina namba nane, na nusu ya chini imekatwa. Nimeiokota. Mahali nilipoiokota hapana umuhimu.

Nakuandikia kuhusu ufundi tu. Mimi nimeshona nyavu miaka thelathini na moja mtoni, najua kamba. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikuwa nimepita Msolwa kwa shughuli zangu, na pale palikuwa na igizo. Mle ndani yuko mmoja anayeitwa Sheshe. Barakoa yake ni ya kazi nzuri. Nilimtazama akiwa amesimama na sikuona kasoro. Lakini akipiga goti na kuinamisha kichwa, kamba ya nyuma inapanda, na kitambaa kinaachia sikio la kushoto. Sikio la mtu hujulikana. Watu huangalia uso wakasahau sikio, lakini mtu anayekaa na mwenzake nyumba moja hulijua.

Ninashauri kamba isiwe moja. Ziwe mbili, moja juu ya sikio na moja chini, zikutane nyuma kwa fundo la kuvuta. Nimechora hapa chini.

Jambo jingine. Nilisikia watu wanalalamika kwamba Sheshe hana pembe. Wasikusumbue. Nimewaona sheshe wengi kule kwenye majani, wakati wa maji kupungua, mia kwa mia. Jike hana pembe. Hutangulia mbele ya watoto wake akapiga mluzi, na wote husimama.

Sheshe huyo alitoa salamu kwa watu wote. Alimpa shikamoo mtoto wa miezi labda minane, mama yake akaitikia kwa niaba. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Alipofika kwangu akanipa vilevile, nami nikaitikia.

Mtu aliyesema neno mbele ya watu mia mbili hawezi kulimeza peke yake nyumbani. Hilo ni jambo langu, halihusu barakoa.

Wako katika kazi,
Melkiori, Katekista

*

Sanje
Jumatatu, 17 Februari

Dada Zena,

Shikamoo. Nimekufungulia simu tangu Jumamosi na hujapiga hata mara moja, kwa hiyo naandika, na mimi nimeanza kuzoea.

Barakoa mpya nimezipokea na nimezigawa. Lile wazo lako la kukata chini ya pua halafu kuweka kipande kinachofungwa kwa vifungo viwili ni zuri kuliko mkasi wangu, nakubali na sirudii. Radi anafungua chake akitaka filimbi. Kitoga amekitoa kabisa, anasema yeye mumewe anajua, mama mkwe anajua, hata mbwa anajua, anataka macho tu na upepo upite. Wale wawili wa mwisho wanagombania ile ya bluu. Yule mwalimu anayeigiza mama wa mtoto sasa naye anataka barakoa, nimemwambia wewe ni mama, mama havai barakoa, amenuna. Kila mtu na mtindo wake, na sasa naona ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Uliwauliza wateja arobaini, hukuwauliza wavaaji sita.

Usinune na wewe. Nasema tu.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi hii tarehe 22 tunakuja kwenu Ifakara. Umeshaona matangazo. Wamealikwa wazazi na walimu wa shule tatu, na watu wa Katindiuka wamesema watatembea kwa miguu waje. Tunatakiwa kufika Ijumaa mchana, tufanye mazoezi, tulale, tucheze kesho yake saa tisa. Na Jenifer hawezi.

Siku ya Msolwa alisema anaenda kuuza mchicha, na aliuza kweli, mafungu manane. Lakini kulala nje usiku mmoja hakuna mchicha wa kukusaidia. Lazima aombe. Na akiomba lazima aseme anaenda wapi. Anasema akifungua mdomo mbele ya mzee maneno yanarudi ndani. Jana amempelekea chai mara tatu ili aseme, mara zote tatu amerudi na kikombe.

Na mzee naye, sijui niseme nini. Agnella ameniambia kuhusu barua na kile kifurushi cha gazeti, usimlaumu, hawezi kukaa na kitu. Kwa hiyo mzee anajua, na Jenifer sasa anajua kwamba mzee anajua, maana nilimwambia. Na bado wanakaa meza moja wanaulizana habari za kuku. Jenifer anasubiri mzee aseme. Mzee anasubiri Jenifer aombe. Kila mmoja anamwonea aibu mwenzake.

Bila Sheshe hatuna igizo. Nimejaribu kumvalisha mwingine. Anajua maneno yote, lakini akifika pale anapomwambia baba mwenye shamba, "Ndege wanakula mpunga msimu mmoja, wewe unamla mtoto maisha," watu wanapiga makofi tu. Jenifer akisema, hawapigi. Wananyamaza.

Nilimuuliza kama wewe unaweza kumwandikia mzee. Alisukuma pembeni ungo wa mchele aliokuwa anachambua. Halafu akasema, "Mama Zena akitaka kusema, aseme. Aseme na jina langu. Mimi neno halitoki."

Agnella anakuja kwako kesho.

Mdogo wako,
Justa

*

Ifakara
Jumanne, 18 Februari

Mzee Melkiori,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 13 niliipokea na kifurushi pia. Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Nilitaka kujibu kwa kazi kwanza. Kamba mbili nimeziweka kama ulivyochora, kwenye namba nane uliyoileta na kwenye namba saba aliyoniletea Agnella leo. Nimemvalisha mwanafunzi wangu na kumwambia apige goti mara hamsini, na nimehesabu. Sikio halikutoka hata mara moja. Miaka ishirini na miwili nashona, na hakuna mteja aliyewahi kunirekebisha akawa na haki isipokuwa watatu. Wewe ni wa tatu. Wa pili ni Justa, na usimwambie.

Sasa niruhusu niseme kama mtu wa kazi anavyosema na mtu wa kazi, kwa sababu mimi kuzunguka sijui, na siku zilizobaki ni nne.

Nina malalamiko. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu sikio, na sikio hilo ni la mtu. Umeniomba nimfiche vizuri zaidi. Nimemficha. Lakini mzee, mimi nashona barakoa ili watu wa uwanjani wasimjue. Sikushona ya kuvaliwa jikoni. Huyo mtu anaamka saa kumi na moja anakupelekea maji ya kunawa, na nyumbani humo ndimo anamojificha kuliko uwanjani. Hiyo si kazi ya kitambaa. Hakuna kamba ninayoweza kuongeza.

Naye ameniruhusu nitaje jina, kwa hiyo nataja. Ni Jenifer, mkamwana wako, mke wa Evod. Alitolewa shule darasa la sita kwenda kuamia ndege. Sijui kama uliwahi kuambiwa. Anapocheza Sheshe, anakwenda kumrudisha huyo mtoto, na ulimwona Msolwa, hukuhitaji mimi nikueleze.

Umesema neno lililosemwa mbele ya watu mia mbili halimezwi na mtu peke yake. Ni kweli, na sikuombi ulimeze. Sikuombi usimame kanisani useme ulikosea. Mimi ni Mwislamu, matangazo ya kigango si kazi yangu. Lakini nimepiga hesabu. Ulisema: wa nyumbani kwangu asionekane huko. Neno ni lako. Unaweza kuliondoa kwa mdomo, unaweza pia kuliondoa kwa miguu. Ukimleta mwenyewe, ukakaa mbele, watu wataona miguu yako na hawatahitaji tangazo. Watakaosema watasema wiki moja, mbili. Wewe na yeye mna miaka mingi bado ya kukaa meza moja.

Mipango iko hivi. Agnella anapanda gari hapo Sanje Ijumaa saa moja asubuhi. Jenifer akiwa naye atafika kwangu kabla ya saa nne. Atalala nyumbani kwangu, chumba cha wasichana wangu, mlango wake una komeo la ndani. Wewe ukitaka kuja naye siku hiyohiyo, kaka yangu Haidari ana chumba cha wageni nyumba ya tatu kutoka kwangu, na amefurahi aliposikia unajua nyavu. Ukitaka kuja Jumamosi mchana peke yako, kiti kipo mstari wa mbele, cha tano kutoka kushoto. Nimekiandikia karatasi. Haina jina.

Barakoa zake namrudishia kwa mkono wa Agnella leo, zote mbili, saba, na nane niliyoishonea upya nusu ya chini. Kuivaa au kutoivaa Ifakara, hilo atachagua yeye. Mimi na wewe tumemaliza kazi yetu kwenye kamba.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, na nakuomba usinijibu kuhusu ufundi. Je, unamruhusu mkamwana wako Jenifer aje Ifakara Ijumaa, na utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, asubuhi atakapokuletea maji? Ndiyo au hapana. Jibu lako nilipate Alhamisi tarehe 20, kabla ya saa kumi jioni. Kama huna vocha kwenye simu yako, Justa ana simu na ameshanifungulia.

Zena Nassib
Fundi, Ifakara